Odeta Aongoza kwa Dira, Simu Mfukoni

Saa moja asubuhi, Odeta Lyamba anachomoa panga kiunoni, analilaza kwenye majani, kisha anasogea hatua kumi kabla ya kufungua dira. Wageni watano anaowaongoza katika vilima vya karibu na Magamba wanatazamana.

"Chuma kinavuta sindano," anawaambia. "Mimi nilizunguka kichaka kimoja asubuhi nzima, nafuata kaskazini ya panga langu!"

Wanacheka, naye anacheka. Lakini moyoni hana raha. Faustini, mwenye kampuni ndogo ya matembezi iliyomwajiri, anatembea nyuma yao. Leo Odeta akipoteza watu tena, kazi yake itakuwa kupika kambini, basi.

Mama huyu wa watoto wanne, mwenye miaka 39, alikuwa mfugaji wa nyuki. Machi mwaka jana aliongoza kundi lake la kwanza kwa simu. Simu ikaonyesha kambi iko ng'ambo ya mbuga, uwanda unaojaa maji masika, kilomita mbili tu. Maji haikuyaonyesha. Walizama kwenye tope hadi kiunoni, simu ikalowa ikazima, wakalala porini.

"Nililia kwa aibu. Nikapewa masufuria," anasema.

Aliyemwinua ni Mwalimu Scolastica wa Nsemulwa, mstaafu aliyefundisha jiografia. Kwa miezi saba, kila Jumapili baada ya misa, walikunjua ramani ya karatasi mezani, wakasoma vilima na mabonde yake.

Saa nne, njia inagawanyika. Maiko, mmoja wa wageni, anainua simu yake.

"Dada, inasema kushoto."

"Inasema kweli, kaka. Kambi iko kushoto. Ila katikati kuna mbuga, na mwezi huu imeshiba maji. Nyie nifuateni kilimani, kilomita tano."

Maiko anaguna. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Odeta anashika njia ya kulia.

Kutoka juu, mbuga inaonekana yote, maji matupu.

"Samahani, dada," anasema Maiko.

Odeta hajaitupa simu. "Inanihakikishia nilipo. Pa kupita naangalia kwenye ramani."

Saa nane wanaingia kambini, viatu vikavu. Faustini anampa mkono.

"Jumamosi kuna kundi lingine, mama. Ni lako."

Odeta anaushika mkono huo kwa mikono yake miwili.

Baadaye, akinywa chai, anaeleza mpango wake: kuwafundisha uongozaji wanawake wanne wa Magamba, wafugaji nyuki wenzake.

"Nitawapa dira, niwaache wapotee kwanza karibu na nyumbani," anasema, "ambapo nikiita wanasikia."