Pua ya Kuazima

Mama mkwe wangu, Fernande Roumieu, hakunipenda siku ya kwanza, wala hakujisumbua kuficha hilo. Nilishuka kwenye gari la Régis, mwanawe, nikiwa nimebeba zawadi kutoka kwetu Normandi, kaskazini mwa Ufaransa kunakopikwa kwa siagi: siagi kilo mbili kwenye kitambaa, nusu yake imeshayeyuka kwa joto la Julai. Akaipokea kwa vidole viwili kama mtu aliyekabidhiwa panya. Akanivuta kunibusu mashavuni, kisha akanusa.

"Régis," akasema, "huyu wako ananuka siagi."

Basi nikawa Siagi. Jina langu ni Odile, lakini katika nyumba ile ya kusini, chini ya milima ya Luberon, Odile alikuwa mtu wa kwenye bahasha za posta. "Siagi, lete maji." "Siagi, hao kuku wamefungiwa?" Miaka ishirini na miwili. Nilichukia mwaka wa kwanza, nikazoea wa pili, na baadaye nikawa naitika kabla sijaitwa.

Fernande alizaliwa katika chumba cha nyuma cha nyumba ile ile, mwaka elfu moja mia tisa arobaini na moja. Alipofika umri wa miaka kumi na minne alikwenda kupanga matikiti kwenye mabanda ya mji wa Cavaillon. Wenzake waliyagonga matikiti kusikiliza kama yameiva; yeye aliinama tu, akanusa pale kikonyo kilipokuwa, akasema "leo," au "kesho kutwa." Hakukosea. Théophile, dereva wa lori, alimchumbia kwa njia hiyo: kila jioni alimletea tikiti moja amwambie kama limeiva. Yote yalikuwa yameiva. Baba mkwe wangu huyo alifariki kabla hajazeeka vizuri, na Fernande akabaki na bustani, mtini mmoja, na pua yake.

Nikifumba macho sasa, majira yote ya joto ya nyumba ile yanachanganyika na kuwa mchana mmoja mrefu. Madirisha ya mbao yamefungwa nusu, jikoni mna mwanga wa kijani kama uko ndani ya jani. Nje nyenje wanapiga kelele bila kupumua. Kwenye sinia mna tikiti lililokatwa, limetoka kisimani, baridi. Kuna maua ya mamumunye yanasubiri unga mwepesi na mafuta ya moto. Kuna biringanya, pilipili hoho na nyanya. Kila kimoja kimekaangwa peke yake, ndipo vikakutanishwa, vikaachwa vipoe mpaka kesho, kwa sababu Fernande alisema mboga nazo zinahitaji usiku mmoja wa kuzoeana. Tunakula polepole na tunalala mchana. Sijui mchana huo ni wa mwaka gani, na sitaki kujua.

Ila siku moja ilikuwa na tarehe yake. Agosti kumi na tano, sikukuu ya Bikira Maria, kila mwaka familia yote ilirudi kwa ajili ya supu ya pistou: mboga za bustani na maharage ya aina tatu, supu iliyoachwa ipoe hadi uvuguvugu, na ndani yake pistou yenyewe, mrehani uliotwangwa na kitunguu saumu, nyanya, jibini na mafuta ya zeituni. Pistou haiguswi na moto. Huchanganywa mezani, kila mtu akitazama.

Na nyumba ile ina sheria yake, sijaiona kwingine: kinu hakionjwi. Kinanuswa. Anayeshika mchi huinama mara tatu, na harufu ikimpanda mpaka machozi yamlenge, basi ni tayari. Kitunguu saumu cha mwaka huu si cha mwaka jana, Fernande alisema, kwa hiyo kuhesabu vitunguu ni kazi ya wavivu. Na anayeshika mchi ni mmoja tu. Miaka ishirini na miwili nilimenya, nikachuma, nikaosha, nikapangusa. Mchi sikuugusa.

"Watu wa siagi hawana pua," alinieleza kwa upole, kama daktari anayempa mgonjwa habari mbaya.

Mwaka ninaousimulia, mambo yalianza kuharibika tangu Pasaka. Mwanakondoo alikuwa na chumvi ya kuua. Jamu ya tini kavu iliungua, na Fernande akaipakua kwenye mitungi kama kwamba hakuna lililotokea. Wifi yangu Josette, binti yake, anaishi Avignon na hana simile. Alisukuma sahani yake.

"Mama umechoka. Agosti hii tuje hapa kwa mara ya mwisho, tuone. Kama supu nayo ni hivi, mwakani kwangu. Nina mashine, dakika moja pistou tayari. Na wewe utakaa na mimi, hii nyumba tuifunge."

"Mashine," alisema Fernande, akageukia ukuta.

Asubuhi ya Agosti kumi na tano nilirudi kutoka bustanini na ndoo ya maharage, nikakuta jikoni mna moshi. Maziwa yalikuwa yamefurika, yameungua, sufuria imekuwa nyeusi. Na hatua mbili tu kutoka hapo, amelipa jiko mgongo, ameketi Fernande anamenya vitunguu na kujiimbia.

Nikazima jiko. Ndipo akageuka, akaiona sufuria. Uso ulimbadilika. Hakuwa na uso wa mtu aliyesahau. Alikuwa na uso wa mtu aliyekamatwa.

"Mama," nikasema, "hukusikia harufu?"

Akaweka kisu chini. Kisha akasema, "Funga mlango."

Nikafunga.

"Tangu ile homa ya Februari. Nilidhani mafua. Machi, Aprili... Kahawa ni maji ya moto, Siagi. Tini ni kitu laini mdomoni, basi. Naingia bustanini kama naingia kwenye picha."

"Daktari anasemaje?"

"Anasema nisubiri. Nina miaka zaidi ya sabini, ananiambia nisubiri!" Akacheka bila furaha. "Josette akijua, nimekwisha. Atanipakia garini na magodoro. Nitakufa ghorofa ya nne kwake, nanusa, hakuna kitu."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikumwambia hivyo. Nilimwonea huruma, na papo hapo, Mungu anisamehe, nikafurahi: kati ya watu wote, aliyekuwa ndani ya mlango uliofungwa ni mimi.

"Mikono unayo," nikamwambia. "Pua ninayo mimi."

Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Pua ya Normandi."

"Ndiyo iliyopo, mama."

"Haya makubwa," akasema. "Nimefika pabaya."

Tukapatana. Yeye atatwanga, mimi nitasimama nyuma yake kama ninayemrekebishia aproni. Kamba nikiivuta mara moja, aongeze kitunguu saumu. Nikiivuta mara mbili, aache.

Walifika saa tano, magari matatu, vumbi, mabusu, watoto wa Josette wakubwa kuliko milango. Josette aliingia jikoni moja kwa moja, akasimama mikono kiunoni. Fernande alikuwa ameshaketi, kinu cha jiwe katikati ya magoti, mrehani unaanza kuwa mweusi chini ya mchi. Aliinama, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Aliigiza vizuri hata mimi nikamwamini. Kisha nikainama nyuma yake, mdomo karibu na sikio lake, nikavuta pumzi ya kwanza ya maisha yangu juu ya kinu kile.

Sikuwa nimejiandaa. Ilikuwa kali, kijani, inachoma, halafu ghafla tamu. Nikavuta kamba. Punje moja ya kitunguu saumu. Nikavuta tena. Nyingine.

"Wifi, aproni ya mama ina nini leo?" Josette akauliza. "Unaivuta kama kamba ya ng'ombe."

"Inafunguka."

"Siagi na mikono yake," akasema Fernande bila kufungua macho. "Hata fundo hawajui huko kwao."

Josette akacheka, akatoka. Machozi yaliponilenga, nikavuta mara mbili.

Chini ya mti wa mforsadi uani tulikuwa watu kumi na mmoja. Fernande alimimina pistou kwenye bakuli kubwa la supu, akazungusha, akapakua. Nilikuwa sina hamu ya kula. Régis alisema "Aaa," kama kila mwaka. Watoto wakamega mkate. Josette alionja kijiko kimoja. Akaonja cha pili.

"Hii si yako, mama."

Akachota cha tatu.

"Ni nzuri," Josette akasema polepole. "Ni nzuri sana. Lakini yako naijua tangu nilipokuwa sina meno. Kitunguu ni kidogo, mrehani umezidi. Nani ametengeneza?"

Nikafungua mdomo niseme uongo, ninao mwingi. Fernande aliweka mkono wake juu ya wangu, mkono wenye rangi ya mrehani hadi kwenye kucha, nikafunga mdomo.

"Nimetwanga mimi," akasema. "Amenusa Odile."

Ilichukua muda kidogo watu kuelewa ni nani huyo Odile.

"Sisikii harufu yoyote tangu Februari," aliendelea, akimtazama binti yake. "Kahawa kwangu ni maji ya moto. Ndiyo ile chumvi, ndiyo ile jamu. Akili ninayo. Sasa unajua. Ukitaka kunipakia garini, subiri kwanza watu wamalize kula."

Josette aliinuka. Nilidhani anaondoka. Alizunguka meza nzima, akapiga magoti kwenye changarawe na gauni lake zuri, akaweka uso kwenye aproni ya mama yake kama mtoto. "Miezi sita," alisema, sauti imezama kwenye kitambaa. "Miezi sita unakunywa maji ya moto peke yako, mama, na mimi nakusema kuhusu chumvi."

"Inuka, unachafuka," Fernande akamwambia. Lakini alimwacha pale kwa muda, akimpapasa nywele. Habari ya mashine haikutajwa tena, wala ya kuifunga nyumba. Bakuli lilisafishwa kwa mkate.

Baadaye wote walilala, huku na kule, kwenye vivuli na makochi. Sisi wawili tulibaki jikoni kwenye ule mwanga wa kijani, kinu katikati yetu, bado hakijaoshwa.

"Niambie," Fernande akasema. "Kinanukaje?"

Niliinama juu ya kinu, nikanusa. Nikajaribu. Nikamwambia kwanza kinauma, kama mtu anayekugombeza mlangoni. Halafu anakukaribisha ndani, na ndani mna baridi, pamemwagiwa maji. Nikamwambia kuna nyanya iliyokaa juani, na kwa mbali sana kuna jiwe lenyewe. Alisikiliza macho yamefumbwa, akitikisa kichwa, mara moja akinisahihisha: "Si maji, ni jani lililovunjika." Nikakubali. Niliongea mpaka nikaishiwa.

Akakisogeza kinu pembeni. Kisha akanivuta shingoni, vile vile kama siku ile ya gari, akaweka pua yake kwenye nywele zangu, akavuta pumzi kwa nguvu. Akavuta tena.

"Hakuna," akasema. "Miaka ishirini na miwili nalalamika siagi imejaa nyumbani kwangu. Leo ningetoa mtini wangu na tini zake zote, niisikie mara moja tu."