Arusi ya Kingi na Sauti Iliyochelewa

Wakati huo nilikuwa na chumba kidogo cha kazi Masisi-kati, karibu na soko. Kompyuta moja, pano ya umeme wa jua juu ya bati, batri ya gari chini ya meza. Watu waliniletea video walizopiga kwa simu, za ubatizo, za matanga, za arusi, nami nilizikata, nikaziunga na kuwawekea kwenye flashi. Kazi ilikuwa imepungua. Wabebaji wa madini wa Rubaya waliokuwa wakinunua muziki kwangu hawakupita tena upande wetu, na asubuhi tuliulizana habari za vita barabarani kabla ya kujuliana hali.

Mama mmoja wa kijiji cha Kingi, mkulima wa maharage na mihogo, alikuja na flashi ameifunga kwenye pindo la kitenge. Alikuwa ametoka kumwoza binti yake. Kaka wa bibi arusi ndiye aliyepiga video, kwa simu, bila kukatisha, kutoka mlango wa kanisa mpaka ngoma za uani.

"Dada, hii video iko na ugonjwa," aliniambia. "Picha inakwama-kwama. Kisha batu wanaimba na kinywa imefungwa."

Nilimwambia arudi kesho yake, nikaifungua. Alisema kweli. Nilidhani kompyuta imechoka, nikafunga programu nyingine zote, nikaizima na kuiwasha upya. Nikapunguza ubora wa picha ya kutazamia. Bado ilikwama. Ndipo nilipogundua kwamba naichezesha moja kwa moja kutoka kwenye ile flashi, nayo ilikuwa kuukuu, inasomeka polepole. Nikanakili video ndani ya kompyuta, na picha ikaanza kutiririka.

Sauti ndiyo haikupona. Mlangoni mwa kanisa maneno yalilingana na midomo, lakini kufika uani sauti ilikuwa imebaki nyuma: viganja vya waimbaji wa korali vinakutana, makofi yanasikika baadaye. Na mahali fulani katikati ya wimbo kulikuwa na kishindo, puu, kama bafle, spika kubwa ya muziki, inayopasuka. Hicho nacho nikakihesabu katika ugonjwa uleule.

Simu haipigi picha kwa mwendo mmoja. Penye giza inazubaa, penye mwanga inakimbia, ilhali sauti inaenda kwa mwendo wake. Programu inazihesabu picha zote kuwa sawa, kwa hiyo kadiri video inavyokuwa ndefu ndivyo viwili hivyo vinavyoachana. Dawa yake ni kuibadilisha video nzima iwe na mwendo mmoja, halafu kuirudisha kwenye programu. Ni kazi ya kungoja. Nikaiacha kompyuta ifanye, nikasimama mlangoni.

Barabarani watu walikuwa wakiteremka kutoka upande wa Bihambwe na magodoro na mbuzi. Hakuna aliyelia wala aliyekimbia. Kimya chao ndicho kilichonitisha. Jirani yangu muuza chumvi alikuwa anakunja meza yake, na jua halijafika utosini.

Niliporudi ndani, makofi yalikuwa yanaanguka sawasawa na viganja. Nilifurahi. Nikaiacha video iende mpaka kwenye ngoma.

Puu. Papo hapo wanaume wote walioketi kando ya ua wakageuza vichwa kuelekea mlima ulio nyuma ya nyumba. Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake. Bibi arusi, aliyekuwa amesimama sikio karibu na bafle, aliendelea kucheza. Kisha baba yake, mzee mwenye koti pana, akainuka, akaenda kwenye bafle, akaongeza sauti, akaingia katikati ya uwanja na kucheza mikono wazi, akiwaita wengine, mpaka wakasimama mmoja mmoja.

Nikaisimamisha. Sauti ilipokuwa imechelewa, nilikuwa nimeona tu mzee anayependa ngoma.

Mama yule aliporudi nilimwonyesha. Alitazama bila kupepesa macho.

"Njo ile," alisema. "Tulisikia siye bote."

"Na bibi arusi?"

"Yeye hapana. Papa yake alikatala asisikie siku yake."

"Nifanye nini, Mama?"

Alifikiri. "Toa ile sauti. Lakini Papa yao usimutoe."

"Papa mwenyewe iko wapi?"

"Amebakia ku shamba. Maharage imekauka, hawezi kuiacha."

Nilikitoa kishindo, nikachukua kipande cha wimbo cha mwanzoni, nikaziba pengo. Kompyuta ilikuwa bado inaiandika video mpya kwenye flashi, kishindo kingine kilipovuma ng'ambo ya soko. Safari hii mashine haikuwa na kosa. Nikamtazama.

"Tungoje imalize," alisema.

Tukakaa, macho kwenye mstari wa kioo unaotambaa kuonyesha kazi ilipofika, mlio wa bunduki ukijibiwa na mlio. Ulipofika mwisho akaifunga flashi kitengeni na kutoka bila kuaga. Mimi nikaifunika kompyuta kwa blanketi na kuondoka na watoto wangu.

Tulikutana tena Walikale, uani mwa kanisa tulikolala wakimbizi wengi. Alikuwa na binti yake. Mzee hakuwa amefika. Simu yake siku nyingine iliita bila kupokelewa, siku nyingine haikuita.

Binti alikuwa hajaiona arusi yake. Nikaazima kompyuta ndogo ya kanisa, nikanakili video kutoka kwenye flashi ya mama yake, nikamfungulia. Video ilitiririka bila kukwama hata mara moja, naye akacheka kujiona anavyocheza. Halafu akaweka kidole kwenye kioo.

"Mama, juu ya nini bote wanaangalia kule?"

"Mvua ilikuwa inakuya," mama yake akajibu.

Kwenye kioo jua lilikuwa linawaka, uwanja wote mweupe. Binti alimtazama mama yake. Akaniomba nirudishe pale baba yake anapoinuka. Nikarudisha. Akaomba tena, nami nikarudisha, mpaka batri ikaisha.