Upande wa Pili wa Kanda

Kanda yangu ya muziki wa acid jazz na soul ilizunguka ploti yetu nzima ya Donholm, na kila jirani aliirudisha akisema, "Upande wa pili ndio moto."

Nikaanza kuwashuku. Mbona wote wanasema maneno yaleyale? Jumapili nikaucheza upande huo. Lo! Kwaya ya mama ikifanya mazoezi, na mama mwenyewe akikohoa. Kumbe vishimo vya juu vya kanda vilikuwa vimezibwa kwa karatasi ili irekodiwe upya.

"Mama, ulirekodi lini?"

"Siku ileile uliyoileta. Hata ulikuwa hujaisikiliza."

Waongo wakubwa! Nikatoka kwenda kuwaumbua majirani, nikakwama mlangoni. Nilipokuwa nikiwaazima, nani aliwaambia upande wa pili ndio moto? Mimi.