Mkono Mtupu Hauombi

Jumatatu hii nilikuwa naosha vyombo hapa kwangu Kanduyi, simu ikaanza kulia mfululizo mpaka nikajua kuna jambo. Lilikuwa kundi letu la kina mama wa kanisa la hapa. Mlima Elgon umeporomoka tena. Mtu alikuwa ametuma picha ya mlango umesimama peke yake kwenye matope, nyumba yenyewe haipo. Chini ya picha ile, amina. Amina, amina, na vile vipicha vya mikono ya kuomba, vimepangana mpaka nikachoka kuvisoma. Na mimi, rafiki yangu, sikuachwa nyuma. Nikatuma mikono mitatu, nikarudi kwa sufuria zangu.

Sikumaliza hata kusugua moja. Nilimsikia nyanya yangu masikioni kabisa, na yeye yuko kaburini miaka mingi: "Wee! Mkono mtupu hauombi."

Wacha nikueleze, maana hili neno lina historia yake na mimi.

Nililelewa na huyo nyanya, Kukhu kama tunavyosema sisi Wabukusu, upande wa Kwanza, kule mbele ya Kitale ambako mahindi yanaanzia mlangoni na kuishia mahali jicho linapochoka. Kazi zetu zilikuwa za mahindi, kelele zetu za mahindi, hata kitanda changu kilinuka mahindi. Tukimaliza kuvuna, Kukhu alikaa chini siku nzima akichagua mbegu. Alitaka hindi nene, lenye mistari iliyonyooka, punje zimejaa mpaka kwenye ncha. Alikunja maganda nyuma, akayafunga mawili mawili, akayaning'iniza jikoni juu ya mafiga, kwenye moshi. Yalikaa hapo miezi, yakawa meusi kwa masizi, na hakuna mdudu aliyethubutu kuyagusa. Sisi pia hatukuthubutu. Ukiinua jicho juu tu wakati njaa imekushika, ulisikia, "Hicho si chakula. Huo ni mwaka kesho."

Kanisa letu lilikuwa la udongo, mabati juu, na lilikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Watu wakipatwa na janga mahali popote, iwe mafuriko au moto au ukame, tangazo lilitolewa, halafu hakuna aliyepiga magoti. Kwanza kila mtu alirudi nyumbani. Ulirudi kanisani na kitu, ukakishika mikononi ukiombea wale watu, na baada ya amina hakikurudi kwako tena. Huyu na blanketi, yule na jembe, mwingine na mkebe wa gorogoro umejaa maharagwe. Mwalimu wetu wa Sunday school aliwahi kuomba akiwa ameshika koti lake la pekee, na baridi ya Kitale mwezi wa saba unaijua wewe mwenyewe.

Kukhu ndiye aliyekuwa polisi wa desturi hiyo, hakuna aliyemtuma. Siku moja jirani yetu alikuja na sufuria iliyotoboka. Kukhu akaiinua juu, akachungulia mwanga kupitia tundu, akamuuliza kwa upole kabisa, "Mama, na wewe ungepikia hapa?" Kanisa lote likacheka. Jirani alirudi kwake amenuna, akaleta nyingine, na wiki mbili hakutusalimia.

Nilikuwa na miaka kama kumi mvua zilipokuja kabla ya wakati wake. Zilinyesha siku nyingi bila kupumua, mpaka upande mmoja wa Mlima Elgon ukateleza, ukabeba nyumba, ng'ombe, mashamba na watu. Walionusurika wakawekwa kwenye shule moja kule juu. Tangazo likaja. Kukhu akaingia jikoni, akapanda kwenye kiti, akaanza kushusha mbegu. Alishusha nusu ya zote.

"Kukhu, hizo nzuri?" nikamuuliza.

"Sasa niwapelekee mbaya, wapande nini? Shamba limebebwa, mbegu imebebwa, na mvua ya kupanda haingoji mtu."

Niliogopa, na nitakwambia wazi niliogopa nini. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumeona njaa. Mwezi wa sita na wa saba tulikula mboga ya mrenda tu bila ugali, na uji mwepesi mpaka unaona chini ya kikombe. Njaa ile nilikuwa bado naikumbuka tumboni. Nikaona nusu ya mwaka kesho wetu inaingia kwenye gunia. Kwa hivyo Kukhu alipoenda kukamua, nililifungua gunia. Nikatoa yale mahindi mazuri, nikayaficha nyuma ya kuni. Nikajaza yale ya kuku, yaliyotobolewa na wadudu, halafu juu nikapanga mazuri machache ya kufunika macho. Nilikuwa mwerevu sana siku hiyo.

Kanisani Kukhu alinipigisha magoti karibu na gunia, mkono wake juu, mkono wangu juu. Akaomba kwa sauti ile yake ya kuita mtu ng'ambo ya mto: "Baba, mbegu hii ni ile ile uliyonipa mimi. Iwaotee hao watu kama ilivyoniotea." Watu wakaitikia. Mimi mdomo wangu ulikataa. Nilijaribu kusema amina, ikakwama kama ugali mkavu.

Tulipotoka nikamfuata mwalimu wa Sunday school. "Mwalimu, Mungu anaweza kuotesha mahindi yenye yametobolewa?"

Akanitazama. "Anaweza. Lakini si kazi yako kumpima."

Tukiwa bado tunaongea, lori lililokuja kuchukua vitu vya watu wa mlimani likanguruma na kuondoka na gunia letu. Nilifika nyumbani nikamkuta Kukhu anachambua maharagwe, nikakaa mbele yake, nikalia kabla hata sijasema. Nikamwambia yote. Nilitegemea fimbo, na haikuja. Alichambua maharagwe yale mpaka yakaisha. Ndipo akasema, "Leta."

Nikaleta mahindi yote kutoka nyuma ya kuni. Akayapanga kwenye gunia lingine, moja moja, akiligusa kila hindi.

Asubuhi jirani wa sufuria akatukuta njiani. Aliposikia tunaenda wapi akashika kiuno. "Mama, barabara imekatika usiku! Si ni mahindi tu, bana. Mungu anajua moyo wako."

"Anajua," Kukhu akamjibu. "Jana nilimwambia uongo bila kujua. Leo najua. Nikikaa nyumbani, huo uongo utakuwa wangu." Akaendelea kutembea, na mimi nyuma, gunia kichwani, shingo inaingia mabegani.

Trekta ya mtu ilitufikisha chini ya mlima. Kutoka hapo tulipanda kwa miguu, tope mpaka kwenye magoti, na mara mbili Kukhu alianguka. Nilimwambia turudi. Alijifuta mikono kwenye leso, akaniuliza kama nimechoka kuliko wale waliochimba watoto wao kwenye udongo. Nikaliweka gunia sawa kichwani, tukapanda.

Shuleni walituonyesha mama aliyepewa gunia letu. Alikuwa amekaa barazani mwa darasa, mtoto mgongoni, uteo mapajani. Alishapukusa yale mahindi, sasa alikuwa anachagua punje. Nzima aliziweka upande huu, zilizotobolewa upande ule. Upande wa nzima kulikuwa na kama viganja viwili tu. Na alikuwa anaimba pole pole, wimbo wa kushukuru. Niliposikia ule wimbo nikajificha nyuma ya Kukhu.

"Haya," Kukhu akaniambia. "Sema."

Nikasema. Kwamba ni mimi, kwamba nzuri nilizificha, kwamba niliogopa njaa. Yule mama aliutazama uteo wake.

"Mimi nilishashukuru, mtoto wangu," akasema. "Nilisema hata kama ni hizi, Mungu ametukumbuka." Halafu machozi yakaanza kumtoka, na Kukhu akakaa chini karibu naye kwenye lile baraza, wakalia wote wawili kama watu waliojuana zamani. Walipomaliza, Kukhu akaweka gunia katikati yetu, akachukua mkono wangu akauweka juu.

"Sasa uombe wewe."

"Mungu, hii ni nzuri," nikasema. "Iote." Sikuwa na mengine. Amina ya siku hiyo ilitoka yenyewe.

Sitakudanganya kwamba tulirudi tukakuta ghala limefurika. Tulipanda nusu ya shamba, nusu nyingine tukaweka viazi vitamu, na mwezi wa saba uji ulikuwa mwepesi tena. Tulikula viazi mpaka nikavichukia. Lakini tulifika mavuno, na Kukhu akakaa chini na kuchagua mbegu kama kila mwaka. Safari hii aliniita nichague pamoja naye.

Leo lile jiko halipo. Lilianguka mwaka uliofuata kifo chake, na hakuna aliyelisimamisha. Mbegu siku hizi tunanunua kwenye pakiti, duka la agrovet, na mimi napikia gesi. Watoto wangu hawajui moshi unafanya kazi gani zaidi ya kuumiza macho. Kanisa la udongo la kule kwetu limekuwa la matofali, sakafu unajiona sura. Mwalimu wa Sunday school alizikwa, sijui koti lake lilimfunika nani kule lilikoenda. Na ile desturi ilikufa polepole, hakuna aliyeiua. Tulianza kusema tutaleta wiki ijayo, halafu tukasema tuombe tu.

Nikakausha mikono, nikachukua simu, nikaandika kwenye kundi: "Jumapili kila mtu aje na kitu mkononi cha watu wa mlimani. Kiwe kizuri. Tutaomba tukiwa tumekishika, na hakirudi nyumbani."

Mmoja akajibu, "Dada, si tuombe tu kwanza, tuone serikali itasema nini?"

"Serikali iseme yake," nikaandika. "Sisi Jumapili saa tatu."

Nikaingia chumbani. Nina mablanketi mawili ya wageni. Moja nililinunua juzi, zito, bado liko kwenye mfuko wake juu ya kabati. La pili limekaa miaka, katikati limekwisha, ukiliinua dirishani unaona nje. Na unajua mkono wangu ulienda wapi? Mimi, mtu mzima, mama wa watu, niliyepanda mlima ule kwa miguu yangu. Ulienda moja kwa moja kwa lile kuukuu. Nilishalikunja, nikalitafutia na mfuko msafi wa kulifunika.

Nikasimama hapo na aibu ile ile ya nilipokuwa na miaka kumi. Nikalikunjua lile kuukuu, nikalitandika kitandani kwangu. Nikashusha lile jipya, nikalikumbatia kifuani, ndipo nikapiga magoti.