Mkono wa Kolwezi Kwenye Betri za Garland

Saa moja asubuhi, Anastasie Kabwita anavaa glavu, anavuta miwani ya kinga hadi puani na kusogea mezani. Mbele yake, katika kiwanda cha kuchakata betri chakavu mjini Garland, Texas, kuna betri mia moja za baiskeli za umeme. Lebo nyingi zimechanika. Leo ni mtihani.

Akikosea zaidi ya mara mbili, atabaki kibarua wa zamu, na zamu yake inaangukia Jumapili. Akifaulu ataajiriwa rasmi, na Jumapili itakuwa yake. Mama huyu wa miaka arobaini na mmoja ni mwimbaji wa sauti ya pili, na amekosa kwaya wiki kumi na moja mfululizo.

"Dola kumi na saba kwa saa ni mzuri, sikatai," anasema. "Lakini kukosa kwaya kunaniuma, franchement, kusema kweli."

Kazi yake ni kutenga betri zenye kobalti na zisizo nayo. Bei ya kobalti haitulii. Iliporomoka, kisha ikapanda Kongo ilipozuia kuiuza nje mwaka 2025. Wakati huohuo, watengenezaji wengi wamehamia betri za chuma na fosfeti, zisizo na kobalti hata chembe. Zikichanganyika na zile nyingine, shehena nzima inaharibika.

Anastasie analijua hilo vizuri, maana aliwahi kuiharibu yeye mwenyewe. Alikulia Kolwezi, Kongo, kwenye migodi ya kobalti, akiosha mawe mtoni na mama yake. Mizani hawakuwa nayo, hivyo jiwe walilipima kwa mkono. Baada ya miaka tisa ya ukimbizi Zambia alifika Garland, na wiki ya kwanza kazini akajaza betri zote nzito kwenye pipa la kobalti, tena kwa madaha ya mtaalamu.

"Kwetu, jiwe ikiwa nzito, njo iko na makuta, pesa," anasema akicheka. "Kumbe huku, kwa nguvu ileile, betri nzito njo ile haina kitu."

Msimamizi wake, Mkenya aitwaye Gichuki, alishika kichwa alipoliona pipa hilo.

"Nilikuwa nimekasirika kabisa," anakumbuka. "Halafu akani-explain mambo ya Kolwezi, nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, Mama, mkono wako uko sawa, wewe geuza hesabu tu."

Anastasie akaigeuza. Sasa anasoma nguvu ya betri kwanza, ndipo anapoipima mkononi. Lebo ikiwa imechanika, anakisia nguvu hiyo kwa kuangalia baiskeli ya aina gani ilikuwa ikiitumia.

Saa tatu betri zote zimeshatengwa, na Gichuki anapitisha kila moja kwenye kifaa cha kupimia. Kosa la kwanza linajitokeza kwenye betri ya thelathini na nane, la pili kwenye ya sabini. Anastasie anafumba macho, midomo ikichezacheza. Betri thelathini zilizobaki zinapita moja baada ya nyingine, na zote ni sawa.

"Mama," anasema Gichuki, "nikikuona hapa Jumapili nitakufukuza."

Anastasie anafuta machozi kwa kiwiko, glavu zikiwa bado mikononi. Anapanga kuwafundisha vibarua wapya kazi hii. "Hata kobalti ikipunguka," anasema, "watamutafuta mtu wa kujua ile haina."

Wakati wa mapumziko anampigia simu Fidèle, kiongozi wa kwaya.

"Kaka Fidèle, sauti ya pili iko na watu?"

"Iko na watatu, mama, lakini inawashinda."

"Basi waambie wasogee. Jumapili niko hapo."