Uji wa Mchana wa Ramadhani

Niliporudi Temeke kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili huko bara, enzi za Mwingereza, nilikuwa kijana mwenye ndevu kamili, niliyekwisha kuhitimu chuoni na kuwasomesha watoto Kurani. Hakuna aliyenitukana. Walinihurumia, na huruma yao ndiyo iliyonivua nguo.

Ramadhani iliingia, nikafunga kama kila mtu. Adhuhuri mke wa jirani alikuja na bakuli la uji, akaliweka mbele yangu barazani, watu wakipita kwenda msikitini.

"Kunywa, baba," alisema. "Wewe huandikiwi dhambi."

Alikuwa mkweli kwa alivyofundishwa: mwenye wazimu hana wajibu wa funga, sawa na mtoto mdogo. Mimi mwenyewe niliwahi kuwafundisha watoto hivyo. Sikujua nitazame wapi. Magharibi, wanaume wa mtaa walipotandika jamvi nje na kila nyumba kutoa sinia lake, mimi niliwekewa sahani yangu kando. Nilifuturu nimeelekea ukutani, nikaazimia kutotoka tena nje.

Pale jamvini alikuwapo kinyozi wetu, mtu mzima aliyenyolea watu mbele ya duka la Mwarabu. Aliinuka na tende zake mkononi, akaja kukaa kando ya sahani yangu. Wenzake wakamwita arudi, asijisumbue. Akawajibu bila kupaza sauti:

"Nami nimelazwa hospitali hiyohiyo, kabla sijahamia kwenu. Kama yeye hali na watu, basi nami sili na watu."

Mmoja akauliza kama ndiyo maana huwakata masikio. Hakuna aliyecheka. Nilimnong'oneza awaambie kwamba alikuwa anatania. Alinitazama tu, akaendelea kumumunya kokwa ya tende.

Kesho yake kiti chake kilikaa kitupu tangu asubuhi. Nani atampa mwendawazimu shingo, naye ana wembe? Wateja wake walimwamkia kutoka ng'ambo ya barabara. Alikuwa na watoto wa kulisha. Niliona haya hata kupita pale, maana aliyonitendea yalikuwa yamemkatia riziki. Baada ya sala ya alasiri, watu wakiwa wamejaa barazani kwa Mwarabu, nilikwenda nikakaa kwenye kile kiti.

Alinifunga shuka, akanoa wembe kwenye mkanda. Ulipogusa koo langu, mwili wote ulikakamaa. Mimi, niliyelala chumba kimoja na watu kama yeye.

"Unaniogopa, mwalimu?" aliuliza taratibu.

Nilitaka kukana, lakini nilikuwa nimefunga. "Nakuogopa."

"Hata mie nakuogopa. Tulia basi, tusije tukachinjana mbele ya watu."

Alininyoa vizuri. Jioni ile tulifuturu sahani moja, wawili tu.

Ramadhani ilikuwa inakaribia kwisha alipokuja mteja mwingine, hamali wa bandarini. Alipokwisha kunyolewa hakuondoka. Akitazama chini, alituuliza kama tungeweza kuzungumza na mdogo wake, ambaye walikuwa wamemfungia chumba cha uani. Kinyozi alikunja shuka lake, akaniambia twende.

Tulikwenda, namshukuru Mungu. Ila tulipofika mlangoni, nilimwacha kinyozi atangulie.