Alama 18 juu ya 20 za mpwa wangu zilinitia mashaka: kisa cha Prof wa Kiingereza hapa Likasi

Wakuu, salamu kutoka Likasi, upande wa Katanga, Kongo.

Humu huwa nasoma tu, sichangii. Leo nina jambo, na chumvi sitaongeza, kwa sababu mpwa wangu anayehusika ana simu na anapita humu. Nikidanganya atanisuta hapo chini mbele yenu.

Mnijue kidogo kwanza. Shule niliiacha kidato cha pili. Sikufukuzwa, miguu ilikuwa inawasha tu. Nimebeba magunia ya mawe ya shaba Kamatanda, nimeosha malori mpakani Kasumbalesa, nimekaa Zambia mwaka na kitu, nikafika hadi Tunduma. Huko ndiko nilikojifunza Kiswahili hiki cha kuandika na kulijua jukwaa hili. Kiswahili chetu cha Likasi kina njia zake (minye ni mimi, njo ni ndio, kuya ni kuja, tonton ni mjomba), mtaziona watu wakianza kuongea.

Kasoro yangu kubwa ni kwamba siamini kitu upesi. Ukiniambia mvua inanyesha, nitatoa mkono nje kwanza.

Basi mwaka huu nilirudi nyumbani nikafikia kwa dada yangu mkubwa, Mama Ruth, anayeuza unga sokoni. Binti yake Ruth alikuwa amemaliza sekondari na diploma yake, cheti cha sekondari huku, anayo. Anataka uuguzi. Amepata chuo ng'ambo ya mpaka, Zambia, lakini kuingia ni kwa mtihani, na karatasi ya kwanza ni reading comprehension. Unapewa habari ya Kiingereza, unaisoma, unajibu maswali kwa kuchagua A, B, C au D.

Ruth amesoma kwa Kifaransa tangu akiwa mdogo. Kiingereza alikuwa anakijua kama mimi ninavyojua kupiga kinanda.

Na dada alishaweka msimamo: mtihani ni mara moja. Akianguka, anakwenda Kakanda kwa shangazi yake, kupika kwenye mgahawa wa wachimbaji, na habari ya chuo inaishia hapo. Ruth hakubisha. Alianza tu kula haraka haraka na kuondoka mezani.

Mtaani kuna jamaa, wanamwita Prof Elie. Umri kama thelathini hivi, tai kila siku, viatu vimepigwa dawa hata wakati wa vumbi. Kila alasiri, kabla ya maombi kuanza, alikuwa anakusanya vijana kumi na kitu ndani ya kanisa dogo la mabati na kuwafundisha hiyo reading comprehension.

Bure.

Hapo ndipo mashaka yangu yalipoanza. Wakuu, hapa Likasi hata ukiuliza njia, anayekuelekeza anatazama mfuko wako. Huyu anafundisha Kiingereza bure ana nini?

Jambo la pili: karatasi zote alikuwa anazikusanya mwisho wa kipindi. Hakuna kwenda nayo nyumbani, hakuna kupiga picha. La tatu: alikuwa na daftari dogo jeusi, analiangalia wakati wa kusahihisha, na akimaliza analifunga upesi kama mtu anayeficha barua.

La nne ndilo lililoninyima raha. Ruth alikuwa anarudi na 17, na 18 juu ya 20. Siku hiyo hiyo nikimuuliza kijiko kwa Kiingereza ni nini, anaangalia paa.

Nikamwambia dada: huyu mtu ana mtihani wa wizi. Anawakaririsha majibu, siku ya siku wote mtakamatwa.

Dada alikuwa anachekecha unga, hata kichwa hakuinua.

"Weye ulikimbia masomo, leo njo unasahihisha Prof? Ule muntu anaomba Mungu. Weye unaomba nani?"

Kesho yake nikaoga, nikaenda kanisani kukaa benchi la nyuma.

Nilitegemea kuona wizi. Nikakuta mambo ya kawaida kabisa. Prof alikuwa na karatasi moja moja, kila moja imezeeka kwenye mikunjo, vijana watatu watatu wanachungulia moja kisha wanaipitisha kwa wengine. Wanasoma, wanabishana kwa Kifaransa na Kiswahili, kila mmoja anatoa jibu lake, yeye anaandika kwenye daftari, halafu anatangaza alama. Ila niliona kitu: kabla ya kusema jibu sahihi, alikuwa anawaacha wabishane muda mrefu sana. Na yeye anasikiliza kwa makini kuliko wao.

Nikakiweka akilini.

Habari ya siku hiyo ilikuwa ya mwanamke mmoja kijijini anayechimba kisima. Anachimba, watu wanamcheka, anaendelea. Sentensi ya mwisho inasema: eventually the water came. Swali: mwishoni mwa habari, kijiji kina nini? Jibu A, kina maji. Jibu B, huenda kitapata maji.

Darasa zima likasema B. Ruth naye B. Prof akaandika, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Muko sawa. Eventually, éventuellement. Ni peut-être. Maji inaweza kuya, inaweza kukosa."

Wakuu, niliinuka kabla sijafikiri.

Ambao hamkusoma Kifaransa mnielewe: éventuellement ya Kifaransa ni "ikitokea", "pengine". Lakini eventually ya Kiingereza mimi naijua, sikuisoma kwenye kitabu. Kasumbalesa tulikaa kwenye foleni siku nne na lori, na kila asubuhi wakala wa forodha alikuwa anapita na kutuambia, eventually you will cross. Na tulivuka. Neno lile ni "mwishowe, baada ya kungoja mpaka uchoke".

Nikawaambia hivyo. Maji yalikuja. Jibu ni A.

Prof hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayepima kitu.

"Tonton, siku ya kwanza wakala anakuambia hivyo, weye ulikuwa na hakika utavuka?"

"Hapana."

"Siku ya pili?"

"Hapana."

"Donc ilikuwa labda."

Kanisa zima lilicheka. Kijana mmoja akasema, "Tonton, rudia ku foleni." Ruth aliinamisha uso. Tulipokaribia nyumbani akanigeukia.

"Tonton, weye unanihaibisha. Ile muntu ananisaidia. Weye iko na nini ya kunipa?"

Lilichoma, nisiwafiche. Lakini lililoniuma zaidi ni kwamba Prof alikuwa amenitia mashaka hata mimi. Nilianza kujiuliza kama siku zile nne zilinifundisha Kiingereza au zilinichosha tu.

Nilimwomba Ruth jambo moja. Twende pamoja kwenye maegesho ya malori, barabara ya Lubumbashi, tumuulize Mzambia yeyote. Akisema labda, nitanyamaza hadi siku ya mtihani.

Alikubali ili nimwache.

Tukampata dereva mmoja anaitwa Bwalya, amebeba shaba, anasubiri hati zake, anakaanga mayai chini ya trela. Kiswahili cha barabarani anakisikia. Ruth akaiandika ile sentensi ya kisima kwenye kiganja chake mwenyewe, kwa sababu karatasi Prof hatoi, akamwonyesha.

Bwalya alisoma, akaendelea kugeuza mayai.

"Maji imekuja."

"Haiko labda?" Ruth akauliza.

"Mama, labda ya nini? Alingoja, alingoja, maji ikakuja. Imeisha."

Nilijisikia mrefu. Nikataka kuonyesha kwamba Kiingereza kipo, nikamwambia Bwalya: borrow me your pen. Akanipa kalamu huku anacheka mpaka yai likaungua.

"Hiyo ni Kiingereza ya sisi ya truck. Kitabu inasema lend me. Borrow ni wewe unachukua, haiko mimi nakupa. Usimupeleke mutoto na hiyo ku exam."

Miaka yote hiyo, wakuu. Nilikuwa nimeshamfundisha Ruth hiyo borrow wiki iliyopita.

Ruth akaniangalia. "Kumbe hata weye, tonton."

Tangu siku hiyo mtoto akabadilika. Aliacha kumwamini Prof, akaacha kuniamini mimi. Kila neno la Kiingereza linalofanana na la Kifaransa alikuwa analizungukia kama mbuzi asiyejua kamba imefungwa wapi. Aliazima kamusi ya jirani Mkatoliki aliyefanya kazi kiwandani zamani, akawa anafungua hata maneno anayoyajua. Alama zake kwa Prof zikaanguka. 12. 11. Siku moja 9.

Dada alinikalia juu. "Umemuharibia mutoto yangu. Akifika Kakanda, weye njo utamupeleka na mikono yako."

Nami nililala na hofu hiyo. Je, kama nimemharibia kweli?

Mtihani ukafika. Ruth akavuka mpaka kwa basi, akalala kwa binamu, akafanya, akarudi siku ya tatu. Alipoketi tu nikamuuliza lile neno kama lilitoka.

"Haikutoka. Maneno ingine yote, ile hapana."

Halafu akasema, "Tonton, Prof alikuwa kule."

Nikajua. Nikasema ndani yangu, sasa imefika, alikwenda kuuza majibu mlangoni.

"Alikuwa anauza nini?"

"Hakuuza kitu. Alikuwa mu foleni. Iko na numéro, kama minye."

Wakuu, Prof alikuwa mtahiniwa. Alikuwa anafanya mtihani ule ule wa uuguzi, na si mara ya kwanza. Ilikuwa mara ya tatu.

Ruth anasema alikuwa ameegemea ukuta na lile daftari jeusi liko wazi, anarudia rudia. Alipomwona Ruth hakulifunga. Ruth akaona ndani. Kila ukurasa una safu ya majina ya vijana wa kanisani na herufi walizochagua, na safu ya mwisho imeandikwa "minye", yaani Prof mwenyewe. Hakukuwa na majibu sahihi popote. Yale maswali aliyapata kwa watu waliofanya miaka ya nyuma, bila majibu, karatasi moja moja, ndiyo maana alikuwa anazikusanya; na picha, nadhani aliogopa zimfikie mtu anayejua majibu.

Kwa hiyo 18 juu ya 20 ya Ruth ilimaanisha kwamba amekubaliana na Prof mara kumi na nane. Na alama zake zilipoanguka ni kwamba ameanza kutofautiana naye.

Halafu Prof akamuuliza kwa sauti ya chini, mlango ukiwa haujafunguliwa:

"Ruth, ile neno ya kisima. Tonton yako alikuwa na haki?"

Fikirini hapo, wakuu. Nafasi za wageni ni chache. Huyu ni mtu aliyekufundisha makosa, bila kukuambia kwamba hajui. Sasa ni mshindani wako, na mama yako akilini ameshakufungashia mizigo ya Kakanda. Ukisema "labda", humdanganyi sana, ni yeye aliyekufundisha labda.

"Ukamuambia nini?"

"Nilimuambia maji ilikuya. Na ile ya library pia, kama haiko duka ya vitabu. Na assist, kama ni kusaidia, haiko kuhudhuria kama ya Kifaransa. Tuliongea mupaka mulango ikafunguka."

Mimi nisingemwambia. Naandika hivyo kwa sababu nimeahidi ukweli.

Orodha ilitoka baada ya wiki kadhaa, kwenye simu. Ruth yupo. Dada alipiga magoti kwenye unga pale pale sokoni, wateja wakamsubiri. Elie hayupo.

Nilidhani atahama mtaa. Jumapili akaja nyumbani na tai yake, akampongeza Ruth, akala nasi bukari na sombe, kwenu ugali na kisamvu. Kisha akatoa karatasi zake zote, akaniwekea mapajani.

"Tonton, mwaka kesho nitarudia tena. Kuya ukae mbele. Minye nakosa muntu wa kunipinga."

Nilizikagua karatasi zile moja moja mbele yake, wakuu. Tabia haifi. Sikukuta kitu zaidi ya jasho la mikono ya watu.

Nikampa sharti moja tu: awaambie vijana.

Jumatatu alisimama mbele yao akasema kila kitu. Kwamba yeye ni mwanafunzi kama wao, ameanguka mara tatu, na majibu hana. Binti mmoja akainua mkono.

"Prof, na 18 yangu?"

"Ile 18 ni ya shiye wawili, weye na minye."

Wanne waliondoka na kwa kweli siwalaumu. Waliobaki walisogeza mabenchi karibu, tukafungua habari ya kwanza, na kamusi ya jirani iko katikati.

Nilichojifunza ni hiki. Mashaka yangu yalikuwa ya kweli, ila nilitafuta mwizi mahali palipokuwa na mtu mwenye aibu. Wiki zote zile nilichunguza tai, viatu, daftari, na sikuwahi kumuuliza Elie swali jepesi kuliko yote: wewe majibu unayatoa wapi? Nadhani angenijibu. Nadhani alikuwa anangoja mtu amuulize.

Sasa nyie semeni, na msijifanye malaika. Pale mlangoni, mko wawili, mlango unakaribia kufunguka, wewe ndiye Ruth: ungemwambia?